Kupima Mawimbi ya Modeli ya Chombo kwa Kamera: Mwongozo kwa Mafundi na Wakufunzi wa Ilala

Mwongozo huu unamhusu fundi wa boti, mkufunzi wa ufundi na mwanafunzi anayefanya kazi Ilala, kuanzia Kivukoni hadi Gerezani na Buguruni, anayetaka kujua chombo kilichochorwa kitasukuma mawimbi ya namna gani kabla bati la kwanza halijakatwa. Unaeleza kazi moja: kuvuta modeli ya chombo ndani ya tangi la maji na kupima kwa kamera umbo la mawimbi yanayoizunguka.

Kazi yenyewe ina umri mkubwa. William Froude alijenga tangi lake la kuvutia modeli mjini Torquay, Uingereza, likaanza kufanya kazi mwaka 1872. Urefu wake ulikuwa takribani mita 85. Froude na wengi waliomfuata walitaka hasa kujua nguvu inayohitajika kuvuta chombo, kwa kuwa nguvu ni makaa na makaa ni fedha. Hapa kwetu swali la kwanza ni tofauti. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, na ndani yake hupishana vivuko vinavyovusha watu kwenda Kigamboni, boti za Zanzibar, meli za mizigo, na ngalawa na mashua zinazoshusha samaki Soko la Feri. Mwenye ngalawa hajali pantoni inakula dizeli kiasi gani. Anajali wimbi linalomfikia akiwa amesimama na tenga la dagaa mikononi.

Wimbi hilo halifi upesi kama watu wanavyodhani. Katika maji ya kina, mawimbi makubwa ya pembeni mwa njia ya chombo hupungua kimo polepole sana: umbali ukizidishwa mara nane, kimo kinabaki nusu. Wimbi lililopimwa mita 50 kutoka chomboni linaweza kufika mita 400 likiwa bado na nusu ya kimo chake. Kwa sababu hiyo mpimaji asiishie kwenye mawimbi yanayogusa ubavu wa modeli. Apime pia pembeni, mbali na modeli kadiri upana wa tangi utakavyoruhusu.

Mawimbi hupimwa pia kwa nyaya zilizosimamishwa majini, ambazo usomaji wake wa umeme hubadilika maji yakipanda na kushuka. Ni njia nzuri, lakini waya mmoja hupima sehemu moja tu, na ukiweka nyingi zinaanza zenyewe kuvuruga maji. Kamera huona eneo zima bila kuligusa.

MODELI NA MWENDO WAKE

Mawimbi ya modeli yatafanana na ya chombo halisi ikiwa spidi itapunguzwa kwa kanuni ya Froude: gawanya spidi ya chombo kwa kipeuo cha pili cha skeli. Chukua kivuko cha kubuni chenye urefu wa mita 40, kinachokwenda maili 6 za baharini kwa saa, yaani mita 3.1 kwa sekunde. Kwa skeli ya 1:40 modeli inakuwa na urefu wa mita 1. Kipeuo cha pili cha 40 ni 6.32, hivyo modeli ivutwe kwa mita 0.49 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea polepole dukani akitazama bei.

Kimo cha wimbi hakina hesabu ngumu: zidisha kwa skeli. Sentimita 1 kwenye tangi ni sentimita 40 baharini. Hesabu hiyo inatisha ukiigeuza upande wa pili, kwa sababu kosa la milimita 1 kwenye tangi ni kosa la sentimita 4 Kivukoni.

Uzito hugawanywa kwa skeli mara tatu. Chombo cha tani 200 kinatoa modeli ya kilo 3 na ushee. Maji ya bomba ni mepesi kuliko ya bahari kwa takribani asilimia 2.5, kwa hiyo usiitegemee mizani peke yake: chora mstari wa maji kwenye modeli, kisha ongeza au punguza risasi ndani yake mpaka izame kwenye mstari huo omo na tezi.

Usipunguze modeli kupita kiasi ili kuokoa nafasi. Maji yana ngozi, na mawimbi madogo sana huendeshwa na ngozi hiyo badala ya uzito. Chini ya spidi ya sentimita 23 kwa sekunde modeli haiwezi kabisa kuvuta nyuma yake mawimbi ya kawaida ya chombo. Modeli ya sentimita 20 inayopendeza mezani itatoa picha nzuri isiyohusiana na kivuko chochote.

Boti za kasi ni habari nyingine. Boti ya mita 40 inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa, kwa skeli ileile, inahitaji modeli ivutwe kwa mita 2.44 kwa sekunde, na urefu wa wimbi lake utakuwa karibu mita 3.8. Tangi linaloelezwa hapa haliwezi kazi hiyo. Anayeihitaji aende kwenye taasisi yenye tangi refu, na asikubali kuuziwa video ya karakana.

TANGI

Kwa modeli ya mita 1, tangi la urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2, lenye maji ya kina cha sentimita 30, linatosha kwa vivuko na vyombo vya mwendo wa polepole. Ubavu mmoja uwe na dirisha la kioo kisichopungua milimita 10, lililoshikwa na fremu ya chuma pande zote. Mafundi wa alminiamu na vioo wanajua kuziba kwa silikoni. Kazi yako ni kuwaambia kuwa ndani kutakaa maji, maana fremu ya dirisha la duka haijengwi hivyo.

Maji hayo yana uzito wa zaidi ya tani 2. Tangi liwekwe chini, kwenye sakafu ya zege iliyokaa juu ya ardhi. Lisipandishwe ghorofani kwa sababu yoyote ile, hata kama chumba cha juu ndicho chenye kodi nafuu. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, sharti hili halihitaji maelezo marefu.

Modeli ivutwe kwa uzi usionyumbuka, juu ya reli mbili zinazoizuia kwenda kombo lakini zinaiacha ipande na kushuka. Mota ya waipa ya gari, inayopatikana kwa wauza spea wa Gerezani, inatosha ikiwa na kidhibiti spidi na betri ya volti 12. Mita ya kwanza ni ya kuchukua mwendo na ya mwisho ni ya kusimama. Kipimo kichukuliwe katikati, pale spidi imetulia.

Kuta za tangi hurudisha mawimbi. Lord Kelvin alionyesha mwaka 1887 kwamba katika maji ya kina mawimbi ya chombo hukaa ndani ya kabari yenye pembe ya takribani nyuzi 19.5 kila upande wa njia yake. Kwa tangi la upana wa mita 1.2, ukingo wa kabari unagonga ukuta kiasi cha mita 1.7 nyuma ya omo. Chochote kilichopimwa karibu na ukuta nyuma ya hapo kimechanganyika na mwangwi wake, na kitupwe.

Kati ya mvuto mmoja na mwingine subiri maji yatulie. Tangi zima huyumba kama maji kwenye karai, na kwa vipimo hivi mzunguko mmoja wa kuyumba ni sekunde 7. Myumbo huo ni mpana mno kwa macho kuuona, lakini kamera inauona na kuuhesabu kama wimbi. Dakika kumi za kusubiri ni chache. Kabla ya kila mvuto pitisha ubao mwembamba juu ya maji kukusanya utando: vumbi, mafuta ya mikono na moshi wa magari vikitanda juu ya maji huua mawimbi madogo.

KUHAKIKI KAMERA

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo muda utumike zaidi. Simu yenye kamera nzuri kutoka Mtaa wa Aggrey inaweza kufanya kazi hii. Lakini simu imetengenezwa ili picha ipendeze. Inanyoosha mistari, inatuliza mtikisiko, inabadilisha mwanga na kuhamisha fokasi bila kuomba ruhusa. Zima kitulizaji cha video. Funga fokasi na mwanga. Usitumie lenzi ya eneo pana. Tumia muda mfupi wa kupiga picha: kwa 1/500 ya sekunde, modeli yetu husogea milimita 1 wakati fremu moja inachukuliwa, nawe huhitaji ukungu zaidi ya huo. Mwanga mwingi utahitajika. Tumia taa za LED za betri, kwa sababu baadhi ya taa za umeme wa nyumba humetameta na kuacha mistari kwenye video.

Chapa ubao wa miraba myeusi na myeupe, kila mraba milimita 20, uubandike kwenye kioo au bati lisilopinda. Kisha upime miraba kwa rula ya chuma, kwa kuwa mashine za kuchapa hupunguza ukubwa ili kuacha pembezoni. Ubao ushikwe kwenye usawa wa maji, upigwe picha katikati na kwenye pembe zote nne za eneo litakalopimwa. Ikiwa eneo la mita 1.2 limejaa kwenye upana wa pikseli 1,920, kila pikseli ni takribani milimita 0.6. Ukikuta mraba wa pembeni una pikseli nyingi au chache kuliko wa katikati, lenzi inapinda picha, na programu ya kurekebisha itumike kabla ya hesabu yoyote.

Kuhakiki kimo kuna njia rahisi isiyohitaji kifaa cha kigeni. Tangi letu lina eneo la mita za mraba 7.2. Ukimwaga kilo 20 za maji, usawa unapanda takribani milimita 2.8, kila mahali kwa pamoja. Pima maji kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Usikadirie kwa dumu, kwani dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa hadi shingoni mara nyingi huingiza zaidi. Mimina taratibu, subiri, piga picha, rudia hadi upate ngazi nne au tano. Kama kamera inasema maji yamepanda milimita 2.2 pale ambapo yamepanda 2.8, umeokoa mradi wako. Kati ya njia tatu zitakazoelezwa chini, uhakiki huu unafaa kwa ya dirisha na ya leza. Njia ya nukta huhakikiwa kivingine, kama itakavyoelezwa.

Kuna ukaguzi mwingine unaonasa makosa ya spidi na ya skeli kwa mkupuo. Mawimbi yanayokaa kwa kukingama nyuma ya modeli yana urefu unaotegemea spidi peke yake: zidisha spidi kwa spidi, kisha kwa 6.28, gawanya kwa 9.81. Kwa mita 0.49 kwa sekunde jibu ni sentimita 15.4. Pima umbali kati ya kilele na kilele kwenye picha, kwenye mstari wa katikati nyuma ya tezi. Ukipata sentimita 15 na kidogo, endelea. Ukipata 18, uzi umeteleza, au saa ya video haisemi kweli, au ubao haukuwa kwenye usawa wa maji. Kabari nayo ikaguliwe: kwa vyombo vya polepole iwe karibu na nyuzi 19.5 kila upande. Kwa vyombo vya kasi sana kabari inayoonekana huwa nyembamba, jambo ambalo Marc Rabaud na Frédéric Moisy walilionyesha mwaka 2013, kwa hiyo ukaguzi wa pembe usitumike huko.

NJIA TATU

Anza na dirisha. Paka modeli rangi nyeusi isiyong'aa, chora ubavuni mistari myeupe kila sentimita 1, kisha weka kamera nje ya kioo, lenzi ikiwa juu kidogo ya usawa wa maji. Utapata wasifu wa wimbi ubavuni mwa chombo: maji yanavyopanda omo, yanavyoshuka katikati na yanavyorudi juu karibu na tezi. Ni njia ya siku moja, na kwa fundi anayelinganisha omo mbili inaweza kumtosheleza.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa walio wengi. Weka chini ya maji bati lililochapwa nukta nyingi ndogo zisizo na mpangilio, na kamera juu ikitazama chini wima. Maji yakiinama kwa sababu ya wimbi, mwanga hupinda na nukta huonekana zimehama. Frédéric Moisy, Marc Rabaud na Kévin Salsac waliieleza njia hii kikamilifu mwaka 2009. Kuhama kwa nukta ni takribani robo ya kina cha maji kuzidisha mwinamo wa uso wa maji. Kwa kina cha milimita 300 na mwinamo wa 0.12, nukta itahama milimita 9, yaani pikseli kama 15, kiasi ambacho programu za bure za kulinganisha picha hukisoma bila taabu. Kamera ikae juu sana, mita 3 ikiwezekana, na picha ya nukta maji yakiwa yametulia ichukuliwe kabla ya kila mvuto.

Njia hii ina masharti yake. Inatoa mwinamo, na kimo hupatikana kwa kujumlisha mwinamo kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa hiyo haioni maji yakipanda yote kwa pamoja, na ndiyo sababu uhakiki wa kilo 20 hauifai. Badala yake linganisha jibu lake na wasifu uliopatikana dirishani kwa spidi ileile. Aidha, wimbi likiwa kali mno nukta hupishana na programu huchanganyikiwa. Kwa wimbi letu la sentimita 15 na kina cha sentimita 30, hatari huanza kilele kikifika milimita 8 juu ya usawa wa kawaida. Dawa yake ni kuinua bati la nukta hadi sentimita 15 chini ya uso wa maji. Usilipandishe zaidi ya hapo bila hesabu, maana kina kikipungua chini ya nusu ya urefu wa wimbi, mawimbi yenyewe hubadilika.

Njia ya tatu ni leza ya mstari, ile wanayotumia mafundi wa vigae. Mstari hupigwa kutoka juu, na kamera huutazama kwa mshazari wa nyuzi 45. Tatizo ni kwamba leza hupenya maji safi bila kuacha alama. Maabara huyageuza maji kuwa meupe kwa unga wa titaniamu dioksaidi wa aina ya anatasi. Rangi ya maji ya ukutani isitumike badala yake, kwa kuwa ina viambato vinavyofanya kazi kama sabuni na kulegeza ngozi ya maji. Kwa tangi la tani 2 unga utakaohitajika ni mwingi na ghali, na maji yakishakuwa meupe dirisha na nukta vimekufa. Itumike pale tu ambapo wimbi limekuwa kali kiasi cha kuishinda njia ya pili.

USALAMA

Leza iwe ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1, na daraja hilo liandikwe juu yake. Tochi za leza zinazouzwa mikononi barabarani zisiingie karakanani, kwani hata mwali unaorudishwa na uso wa maji unaweza kuharibu jicho. Kila kilicho karibu na maji kitumie betri. Chaja na kebo za ukutani zikae mita 2 kutoka tangini. Anayechanganya unga avae barakoa, na maji meupe yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea Mto Msimbazi: yaache yatue, toa unga chini na uutunze.

Tangi lifunikwe kila jioni. Maji safi yaliyosimama ndiyo mazalia ya mbu wa dengue, na Dar es Salaam imeshaugua ugonjwa huo, mwaka 2014 na tena 2019.

TAARIFA

Vipimo hivi vinahusu mawimbi tu. Modeli inayovutwa kwa uzi haina pangaboi, kwa hiyo msukosuko wa maji unaotoka nyuma ya kivuko halisi haumo. Vilevile havisemi lolote kuhusu uthabiti wa chombo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimezidisha abiria, na hakuna picha ya wimbi ambayo ingebashiri hilo. Hesabu za uthabiti na ukaguzi wa chombo ni mambo ya kupelekwa kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na karatasi za mawimbi zisiambatishwe kana kwamba zinaziba nafasi hiyo.

Kabla ya kupanga umbali wa kupima, mpimaji aende Feri mapema asubuhi, awaulize wavuvi mashua zao hukaa wapi na maji yakiwa katika hali gani. Umbali huo ugawanywe kwa skeli. Ukiangukia nje ya ukuta wa tangi, andika kimo kilichopimwa na umbali wake, kisha toa makadirio kwa kanuni ya kupungua iliyotajwa mwanzoni, ukionyesha wazi kipi kimepimwa na kipi kimekadiriwa.

Wakufunzi wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam na wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam wanaombwa kudai mambo haya katika kila taarifa ya mwanafunzi: skeli, spidi na namna ilivyopimwa, kina cha maji, picha za ubao wa miraba, jedwali la uhakiki wa kimo, ulinganisho wa urefu wa wimbi na hesabu, na video ghafi isiyohaririwa. Mwenye boti anayelipia kipimo adai hayohayo. Taarifa inayokosa hata moja kati ya hayo irudishwe kwa mpimaji.